Ng'ombe Aliyetajwa Mbele ya Watu

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alikufa kule Kiruruma na shule yangu ikafa naye. Nilikuwa darasa la tatu. Baba mdogo alichukua kibanja chetu, migomba na kahawa zote, akasema mbele ya wazee kwamba atatulea. Alitulea mwezi mmoja. Mama akarudi kwao na wadogo zangu wawili, mimi nikapelekwa upande wa nyasi, huko ambako sasa ni Kyerwa, kuchunga ng'ombe wa mtu.

Huyo mtu ndiye ninayemwita mzee katika maandishi haya, ingawa wakati ule ndevu zake zilikuwa nyeusi. Nilimchungia miaka minane. Hakunipiga hata siku moja, na aliyewahi kuchunga anajua kwamba hilo si jambo dogo. Mwaka wa nane aliniita mbele ya ndugu zake, akanionyesha kwa fimbo mtamba mmoja mwekundu, akamtaja mama wa yule mtamba, akamtaja bibi yake na zizi alikotoka, kisha akasema, "Huyu ni wako."

Asiyetoka kwetu atadhani nililipwa mshahara. Hapana. Ng'ombe wa kupewa si mshahara wala si sadaka. Ukipewa, umekuwa mtu wa aliyekupa mpaka mmoja wenu azikwe. Kwake kukiwa na msiba unafika wa kwanza. Ukitaka kuuza hata ndume aliyezaliwa na ng'ombe huyo, unakwenda kuuliza. Na ukipewa humkagui. Huangalii meno, hushiki chuchu, husemi huyu amekonda. Unapiga magoti, unashukuru, unaondoka naye.

Kwa mtamba yule ndiko nilikotoka mimi. Niliomba ruhusa nikauza ndume wake wa pili, nikanunua baiskeli. Nilikuwa nimejifunza kuchanganya dawa kwenye josho, basi nikaanza kupeleka dawa za mifugo kwa watu, kilima kwa kilima. Nimechoma sindano ng'ombe wengi kabla sijajua kwamba kuna sheria inayonikataza. Baadaye nikafungua duka Kayanga, chumba kimoja, halafu viwili. Sheria ikasema duka la namna ile na kazi ya namna ile vinataka mtu aliyesomea. Sawa, nikaajiri aliyesomea. Wamepita wanne. Wasomi wamefanya kazi chini yangu mimi wa darasa la tatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuondoka bila mshahara wake.

Wa nne alikuwa binti. Alitoka mbali, huko watu hawaongei Kinyambo, na alikuwa hanywi maziwa mpaka ayaone kwa macho yake yakichemka. Mbele ya wateja nilimwita daktari. Tukiwa wawili nilimwita mwanangu, naye aliniita baba.

Mwaka juzi, mzee alitupigia simu. Ng'ombe wake wawili wametupa mimba wiki moja. Tukaenda na pikipiki, daktari akatoa damu ng'ombe kumi na wanane. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda akiangalia, akicheka.

"Binti, umewamaliza damu. Wewe ni daktari au ni kupe?"

"Kupe halipwi, mzee," daktari akamjibu.

Akacheka mpaka akakohoa.

Tuliporudi dukani, daktari aliandaa kibao cheupe cha kupimia damu. Mimi kusoma kwangu ni kwa shida, barua ya ukurasa mmoja inanichukua asubuhi nzima, lakini kibao kile nakisoma. Unaweka tone la maji ya damu, unaweka tone la dawa yenye rangi ya waridi, unachanganya, unatikisa polepole kwa mkono. Ikibaki laini kama juisi, ng'ombe ni mzima. Ikikatika chembechembe, kama maziwa yaliyoharibika kwenye chai, ng'ombe ana brusela. Huo ndio ugonjwa wa kutupa mimba. Na hauishii kwa ng'ombe. Unaingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi, na kupitia mikono ya anayeshika ndama aliyetupwa na kondo lake la nyuma.

Ng'ombe sita walikatika chembechembe. Wa sita alikuwa yule wa kahawia mwenye nyota kwenye paji la uso, mwenye mimba.

Nikakaa chini.

Nieleze kwa nini. Siku kumi na moja kabla ya hapo tulikuwa tumemaliza matanga ya mke wa mzee. Alikuwa ameugua mwaka mzima, na aliyemwosha na kumlisha mwaka huo wote alikuwa mama mmoja mjane wa Isingiro, mtu wa migomba asiye na ng'ombe, ambaye hakuwa hata ndugu. Siku ya kumaliza matanga, mchungaji wa kanisa akiwa pale na watu wamejaa uani, mzee alisimama akatangaza kwamba atampa yule mama ng'ombe. Na hakusema ng'ombe tu. Alisema wa kahawia mwenye nyota, mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Watu wakapiga vigelegele. Yule mama akalala kifudifudi chini kwa kushukuru. Wakapanga ng'ombe aende Jumamosi ya wiki ya pili.

Kosa lilikuwa hapo, nasi wenyewe tunalifanya kila siku bila kuliona kosa. Tunamtaja ng'ombe kwanza. Akishatajwa na ukoo wake, haguswi tena.

Daktari alivua glavu akanigeukia.

"Baba, tumwandikie mzee majibu, nakala iende wilayani. Na yule mama aambiwe leo."

"Majibu ni ya mwenye ng'ombe, mwanangu. Tukitangaza magonjwa ya mazizi ya watu, nani atatufungulia zizi kesho?"

"Nyumbani kwa yule mama kuna nani?"

"Yeye na binti yake."

"Yule niliyemwona kwenye matanga? Mjamzito?"

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza.

"Baba, nakuuliza."

"Miezi mitano."

"Basi majibu haya si ya mzee peke yake."

Sitaficha kitu. Niliwaza duka. Mzee akiliondoa zizi lake mikononi mwangu, wenye ng'ombe wote wa upande ule wanamfuata, kama wanavyomfuata kwenye josho. Lakini zaidi ya duka niliwaza yule mtamba mwekundu wa zamani. Mimi ni mtu wa mzee. Ningeanzaje kupita nyuma yake?

Nikamwambia daktari, "Nipe siku tatu. Nitaongea naye mimi. Ananisikia."

Nilisema hivyo kwa kiburi. Nimeongea na mabwana shamba, nimeongea na matajiri wa mnadani, nimeongea na baba mdogo mpaka akanirudishia nusu ya kibanja. Sikuwahi kuona mtu wa kunishinda kwa maneno.

Siku ya kwanza niliimaliza nikitafuta pa kuanzia. Siku ya pili nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Kaa."

Nina miaka sitini na zaidi, nina wajukuu, yeye bado ananiita kijana wake. Nikakaa. Kabla sijafungua mdomo, mkwewe alileta maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, akapiga magoti, akanipa kwa mikono miwili. Yalikuwa mabichi, bado yana joto la kiwele.

Ndugu msomaji, nilijua. Nilikuwa nimezitazama zile chembe kwa macho yangu juzi yake. Lakini kwa mfugaji hukatai maziwa. Ukikataa rubisi, pombe yetu ya ndizi, watasema umeokoka. Ukikataa nyama watasema huna meno. Ukikataa maziwa, umemwambia mwenye nyumba kwamba urafiki umekwisha na umekuja kwa shari. Nami nilikuwa nimekuja kuomba. Nikasema moyoni, nikimkatalia maziwa hatanisikiliza hata neno moja. Nikanywa. Nikanywa yote, kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo kwenye ua ule ule.

Kisha nikasema, "Mzee, nimekuja kwa yale majibu."

"Ndiyo. Dawa yake ipo?"

"Huu hauna dawa ya ng'ombe. Sita wanao. Na wa kahawia ni mmoja wao."

"Wa kahawia hajatupa mimba."

"Bado. Atatupa, au atazaa na ugonjwa utoke na ndama."

Akacheka. "Umeanza kuongea kama yule kupe wako."

"Mpe yule mama mwingine, mzee. Unao wazima."

Akaacha kucheka. "Nilimtaja nani?"

"Wa kahawia."

"Na mama yake?"

"Ulimtaja."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Mke wangu yuko pale." Akaonyesha kwa fimbo kaburi lililo pembeni ya migomba michache ya nyumbani kwake, saruji bado mpya. "Nimwambie nimegeuza ulimi?"

"Basi niende nimwambie yule mama achemshe maziwa na asimshike ng'ombe akitupa. Ng'ombe aende, lakini ajue."

"Uende umwambie mtu kwamba nimempa ng'ombe mgonjwa. Wewe." Akanielekezea fimbo. "Siku niliyokupa wako, ulimpima?"

"Hapana, mzee."

Akakiangalia kibuyu kilichokuwa kitupu karibu na mguu wangu.

"Na hayo uliyokunywa sasa hivi ni ya zizi gani?"

"Lako."

"Ungekuwa ni ugonjwa kweli, ungekunywa?"

Ningesema nimekunywa kwa heshima, ningekuwa nimemwambia kwamba nilijua nakunywa uchafu wake. Ningesema sikujua, ningekuwa nimeongopa. Nikaaga. Alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki akiwa ameniwekea mkono begani, kama mtu aliyemsamehe mtoto.

Daktari alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Amekubali?"

"Hajakubali."

Akanitazama kinywani. "Ulikunywa."

"Ningefanyaje? Wewe si mtu wa huku."

"Brusela nayo si mtu wa huku, baba, na imefika."

Siku hiyo hiyo aliandika barua ya wilayani, akasaini yeye. Sikumzuia, wala sikumsaidia. Nilisimama mlangoni nikiangalia watu wakipita kwenda stendi. Barua ikaenda. Jumamosi ng'ombe naye akaenda, amefungwa shada shingoni, wanawake wanaimba mbele yake mpaka Isingiro.

Jumapili baada ya ibada nikajilazimisha. Nilisema liwalo na liwe, nitakuwa mtu asiye na shukrani, lakini yule mama atajua. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe, uso umemng'aa kama bibi harusi. Binti yake alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi, tumbo limemkaa magotini.

"Karibu, baba," binti akasema. "Umekuja kumnyang'anya mama ng'ombe? Maana hajawahi kupewa hata kuku."

"Nimekuja kuwasalimia, na nina neno." Nikalisema lote. Nilisema brusela, nikasema chembe, nikasema maziwa, nikasema mimba. Nilisema waziwazi kama ninavyoandika hapa. Nilipomaliza, yule mama alikuwa bado ameshika panga na majani yake.

"Mzee aliniambia utakuja," akasema.

"Alikuambia?"

"Alikuja mwenyewe na ng'ombe mpaka hapa. Alisema, kijana wangu wa Kayanga ana binti dukani anayewatia watu hofu, atakuja na maneno. Usimkasirikie. Alisema wewe mwenyewe ulikaa kwake juzi ukanywa kibuyu kizima cha zizi hilo hilo." Akanitazama. "Ulikunywa, au mzee ananidanganya?"

"Nilikunywa, mama."

"Basi."

Hakusema kwa ubaya. Aliniona mtu mwema ambaye mfanyakazi wake amemtisha. Nikamwomba amrudishe ng'ombe. Hapo ndipo alipoweka panga chini.

"Nikamwambie nini? Nilimwosha mke wake mwaka mzima. Nimrudishie, nimwambie shukrani yake imeoza? Wewe ungemrudisha wako?"

Nisingemrudisha. Alijua, nami nilijua.

"Chemsheni maziwa, basi."

"Tunachemsha," binti akadakia. "Sisi wa migomba si kama nyinyi mnaonyonya ng'ombe pamoja na ndama."

Wakacheka wote wawili. Nikatoa pea mbili za glavu kwenye koti. "Na akizaa, au akitupa, msimguse kwa mikono mitupu. Hasa wewe. Uvae hizi, au unipigie simu tuje."

Binti alizipokea kwa furaha kubwa. "Asante, baba! Kliniki waliniambia niende na glavu siku ya kujifungua. Umeniondolea safari."

"Si za kliniki. Ni za ng'ombe."

"Ndiyo, baba," akasema, huku anazifutia vumbi kwenye kanga. Nikaona anavyozishika. Nilijua zinakokwenda. Ningemnyang'anya? Ningerudi na nyingine kumi? Hilo la kumi nimeliwaza baadaye, kwenye mwaka huu na uliopita. Siku ile nilipanda pikipiki nikaondoka.

Mtu wa mifugo aliyetumwa kwa ile barua alifika kwa mzee baada ya wiki tatu. Alikuwa mmoja na kata zake ni nyingi, simlaumu. Alisema wagonjwa watengwe, wasiuzwe. Aliuliza wa sita yuko wapi, akaambiwa ametolewa zawadi. Akasema ataenda Isingiro wiki inayofuata.

Ng'ombe hakungoja. Siku mbili kabla ya huyo mtu kwenda, asubuhi, wa kahawia alianza kusukuma na miezi bado. Mama alikuwa shambani anachuma kahawa. Binti alikuwa peke yake. Ndama akatoka miguu, akakwama. Ungefanya nini, ukiwa umeachiwa ng'ombe pekee ambaye mama yako amewahi kumiliki, naye amelala chini anagumia? Alimvuta. Alimvuta kwa mikono yake, akatoa na kondo, akasafisha banda, akanawa kwa sabuni ya mche, ndipo akapiga simu.

Tulipofika alikuwa amekaa kizingitini amechoka, kanga imelowa.

"Ng'ombe mzima," akasema. "Ndama tu ndiye hakuweza."

Daktari akamuuliza glavu ziko wapi.

"Ziko kwenye begi la kliniki. Ningezichafuaje?"

Daktari alitoka nje akakaa chini ya mgomba, akaficha uso. Mimi nilisimama kati ya wale wawili, mmoja kizingitini, mmoja chini ya mgomba, kama mtu aliyekuja kuuza kitu akasahau bidhaa nyumbani.

Homa zilianza baada ya wiki kadhaa, kwa binti na kwa mama yake. Mwanzoni watu walisema malaria. Daktari aliwapeleka yeye mwenyewe hospitali, akawaeleza wahudumu wapime nini, wakapima, dawa ikaanza. Mimba ya binti ilitoka ikiwa na miezi saba. Hospitali hawakusema ni ng'ombe. Mimi pia siwezi kuapa kwamba ni ng'ombe, mimba hutoka kwa mambo mengi. Hakuna aliyenilaumu. Ningelaumiwa ningejua pa kujitetea.

Na mimi nikaanza kulowa jasho mchana kweupe na mgongo kuuma kama nimebebeshwa gunia. Daktari alinivuta kama mtoto tukapime. Ilikuwemo. Nilimeza vidonge wiki sita. Nilipoweza kupanda pikipiki nikaenda kwa mzee, nimebeba karatasi ya hospitali.

"Mzee, uliniuliza ningekunywa kama ingekuwa ni ugonjwa. Nilikunywa, na huu hapa."

Hakuichukua karatasi. "Huo ni uzee, kijana wangu. Mimi nanywa tangu nizaliwe."

Mkwewe akaja na kibuyu, akapiga magoti.

"Nimekatazwa," nikasema.

Mzee alimtazama mkwewe akirudisha kibuyu ndani, kikiwa kimejaa. Hakunisindikiza. Tangu siku hiyo zizi lake linahudumiwa na mtu mwingine, na wengi wa upande ule wamemfuata, kama nilivyoogopa. Nilikikataa kibuyu siku ambayo hakikumsaidia mtu yeyote.

Daktari alipata kazi mkoa mwingine. Siku ya kuaga alisimama mlangoni na begi lake, akasema, "Baba, zile siku tatu." Akanipa mkono, akapanda basi.

Leo nina duka la vyumba viwili Kayanga na friji moja ya chanjo. Nina daktari wa tano, kijana mpole, ananiogopa. Nina pikipiki moja. Nina nusu ya kibanja cha baba yangu Kiruruma, na nyumba ya bati niliyoijenga mwenyewe. Nina ng'ombe tisa, wote wa ukoo wa yule mtamba mwekundu, wote wamepimwa, na sina wa kumwomba ruhusa ya kuuza hata mmoja. Nina kibao cheupe na chupa ya dawa ya waridi. Na nina pea moja ya glavu, haijafunguliwa. Kati ya zile mbili nilizompa binti, ya kwanza ilitumika hospitali. Hii yule mama wa Isingiro aliirudisha dukani mwenyewe, akaiweka juu ya meza, akasema itamfaa mtu mwingine.